Abati Guillaume na Mataji ya Nguzo za Dijon

Katika mwaka wa 962 Kaisari Otto wa Kwanza alikizingira kwa askari kisiwa cha San Giulio, katika ziwa moja la Italia ya kaskazini. Humo ndani alizaliwa mtoto wa mmoja wa walinzi wa ngome. Ngome ilipotekwa, kaisari mwenyewe alikubali kumsimamia mtoto huyo ubatizo. Aliitwa Guillaume.

Angali mdogo, wazazi wake walimtoa kwa Mungu katika monasteri ya Lucedio. Alikuwa mwepisi wa masomo, lakini mgumu wa shingo: siku ya kupewa ushemasi alikataa kumwapia askofu kiapo alichodaiwa, kwa kuwa alikiona si cha haki. Mwaka wa 987 alimfuata Abati Majolus mpaka Cluny, nchini Ufaransa, na baada ya muda mfupi akawekwa kuwa abati wa Dijon.

Kanisa la huko lilikuwa limechakaa. Mwaka wa 1001 akaanza kulijenga upya. Askofu Bruno wa Langres alitoa fedha, naye Guillaume akatafuta mafundi na kuiongoza kazi. Juu ya kaburi la shahidi Benigne wakasimamisha jengo la mviringo lenye orofa tatu. Kitabu cha habari za monasteri hiyo kinahesabu nguzo 371 katika kanisa zima.

Taji la nguzo ni lile jiwe la juu linalopokea uzito wa tao. Msomaji aliyezoea kanisa la matofali huenda hajaliona. Mafundi wa zamani hizo walizoea kuiga majani ya Waroma. Wa Dijon walithubutu kuchonga wanyama, na mtu anayesali. Kazi ni nzito, bila ulaini, na mikono ya mtu huyo imezidi kiasi. Lakini kabla ya miaka mia na hamsini kupita, Autun na Vézelay walikuwa wakichonga habari nzima za Biblia juu ya nguzo zao.

Huko Fécamp Guillaume alifungua shule, akawapokea watumwa pamoja na waungwana, jambo lisilo dogo kwa siku zile. Alifariki hapo tarehe 1 Januari 1031.

Mwaka wa 1792, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, jengo la mviringo lilibomolewa. Orofa ya chini ilizikwa na vifusi, na kwa hiyo ikapona. Wachimbaji waliifikia tena mwaka wa 1843, wakamkuta yule mtu juu ya nguzo yake, mikono ameiinua.