AL-ZAHRAWI: TABIBU ALIYETUFUNZA KUUHESHIMU UTI WA MGONGO

Katika safu yetu ya wanazuoni waliotutangulia, mara hii twakuletea mtu ambaye jina lake pengine umelisikia madrasa, lakini kazi yake huijui. Naye ni Abul Qasim Khalaf ibn Abbas al-Zahrawi, bingwa wa upasuaji wa Andalus. Soma mpaka mwisho, kwani aliyoyaandika miaka elfu moja iliyopita huenda yakamuokoa jirani yako hapa hapa Timbwani.

Alizaliwa takriban mwaka 936 (324 Hijria) katika Madinat al-Zahra, mji wa kifalme uliojengwa karibu na Cordoba, nchi ambayo leo ni Uhispania. Ndiyo asili ya jina lake. Khalifa wa zama za ujana wake, al-Hakam wa Pili, aliyetawala kuanzia 961 hadi 976, alikuwa mpenzi mkubwa wa vitabu, na elimu ilikuwa na soko.

Al-Zahrawi alitibu watu kwa karibu miaka 50. Takriban mwaka 1000 akakamilisha kitabu chake At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji na kuunga mifupa, na ndani yake alichora vyombo vya kazi karibu 200. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu hiyo kwa Kilatini mjini Toledo, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa mamia ya miaka.

Jambo lililomkera mzee huyu ni watu kushika kisu bila elimu. Alisimulia kisa cha tabibu mmoja aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke bila kujua kilichoko chini yake. Akakata mishipa ya damu, na yule mama akafa papo hapo. Kwa hivyo aliwausia wanafunzi wake, aliowaita wanawe, wajifunze kwanza maumbile ya mwili: mifupa, misuli na mishipa ya fahamu. Mkono baadaye.

Nasi tufuate wasia wake. Hebu papasa mgongo wako katikati, kuanzia kisogoni. Vile vifundo unavyovigusa ni pingili za uti wa mgongo. Mtu huzaliwa na pingili 33: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, tano ambazo huungana baadaye zikawa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na nne ndogo za mwisho. Baina ya pingili zinazocheza mna vibao laini viitwavyo diski, vinavyopunguza mshindo unapotembea au kuruka. Diski ikichomoza na kubana mshipa wa fahamu wa kiuno, maumivu hushuka mpaka mguuni. Wanaobeba magunia na kusukuma mikokoteni wayajua vizuri hayo.

Kila pingili ina tundu nyuma, na matundu hayo yakipangana huwa kama mfereji. Ndani ya mfereji huo mnapita ugwe wa fahamu, unaoshuka kutoka ubongoni. Kutoka kwake hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu. Ya shingoni huenda mikononi, ya chini huenda miguuni, kwenye kibofu na njia ya haja kubwa. Mfupa uliovunjika huweza kuunga. Ugwe ukikatika, hadi leo hakuna dawa ya kuuunga.

Sasa tazama akili ya al-Zahrawi. Akiletewa mtu aliyevunjika shingo, hakukimbilia kuivuta. Aliagiza kwanza itazamwe mikono: je, yasogea? Yakamata? Ukiichoma kwa sindano, mgonjwa ahisi? Ikiwa yasogea na kuhisi, basi ugwe umesalimika. Mgonjwa atulizwe uvimbe kwanza, kisha afungwe bandeji, na alale bila kujitingisha. Akivunjika kiuno, itazamwe miguu, na aulizwe kama azuia haja zake. Ikiwa miguu imekufa ganzi na haja zatoka zenyewe, al-Zahrawi aliona hana tiba ya kumpa, naye hakuona haya kulisema hilo. Madaktari wa leo wana mashine za kupiga picha ndani ya mwili, lakini bado huanza na maswali hayo hayo: wasogeza? Wahisi? Wazuia haja?

Je, sisi twafanyaje? Mkwezi akianguka kutoka juu ya mnazi, au kijana akirushwa na bodaboda, kundi zima lamvamia. Huyu ashika makwapa, yule miguu, wamkunja ndani ya tuktuk. Nia ni njema, bwana, lakini pingili iliyovunjika yaweza kuukata ugwe uliokuwa mzima. Mtu aliyeanguka akiwa asogeza vidole afika hospitali miguu imekufa.

Basi shika haya. Kama hapana hatari ya moto, maji au magari, na mtu apumua, mwache alale pale pale. Mmoja ashike kichwa kisicheze, mwingine aite ambulansi. Ikibidi kumhamisha, mviringisheni watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda sawa kama gogo, mumlaze juu ya ubao au mlango.

Lingine ni kwa familia. Wale ambao al-Zahrawi hakuwa na la kuwafanyia, leo wengi huishi. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann alianzisha wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Ilidhihirika kuwa wengi waliuawa na vidonda vya kulalia na maradhi ya njia ya mkojo, mambo yanayozuilika kwa kumgeuza mgonjwa na kumweka safi. Hapa Kenya iko hospitali ya taifa ya majeruhi hao, Nairobi. Basi usimfiche ndugu yako chumbani ukingoja siku yake. Na mtoto ambaye mgongo wamuuma kwa wiki nyingi, homa jioni, akonda, kisha miguu yalegea, usianze kwa kutafuta jini. Mpeleke hospitali haraka. Yaweza kuwa kifua kikuu cha pingili, nacho kina dawa.

Al-Zahrawi alifariki takriban mwaka 1013 (404 Hijria). Mji aliozaliwa ulikuwa umeshaporwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1009. Kasri zilianguka, kitabu kikabaki. Baada ya futari leo, wafundishe walio nyumbani kwako namna ya kumviringisha mtu kama gogo. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu, na atulindie migongo yetu. Amin.