Henry Vane: Mtetezi wa Bunge Aliyeponzwa na Sheria

Miongoni mwa wanasiasa waliotia fora nchini Uingereza katika karne ya 17, Henry Vane hatajwi mara nyingi kama Oliver Cromwell. Hata hivyo, maisha yake yana funzo zito kuliko ya wengi waliomzidi sifa. Aliipinga dhuluma ya mfalme, akaipinga ya rafiki yake, na mwishowe akauawa kwa hukumu iliyoipinda sheria. La kusikitisha ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kushiriki katika kuipinda.

Vane alizaliwa mwaka wa 1613 katika ukoo wenye mali na jina. Babake, ambaye pia aliitwa Henry Vane, alimtumikia Mfalme Charles wa Kwanza hadi akawa waziri wake. Kijana huyu angeweza kula na kusaza chini ya kivuli cha baba. Badala yake aliifuata imani ya Wapuritani, waumini waliotaka Kanisa la Uingereza litakaswe, na mwaka wa 1635 akavuka bahari hadi Boston, katika koloni la Massachusetts. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa gavana akiwa na umri wa takriban miaka 23. Huko alisimama upande wa Anne Hutchinson, mwanamke aliyeshutumiwa na wachungaji kwa sababu ya mafundisho yake. Msimamo huo ulimgharimu cheo, kwani mwaka wa 1637 alishindwa na John Winthrop, naye akarejea kwao. Tangu hapo alishikilia kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu.

Aliikuta Uingereza ikitokota. Mfalme alikuwa ametawala bila Bunge tangu mwaka wa 1629, lakini vita dhidi ya Waskoti vilipoikausha hazina yake, alilazimika kuliita mwaka wa 1640. Vane, aliyekuwa tayari mweka hazina wa jeshi la wanamaji, aliingia Bungeni kuuwakilisha mji wa Hull. Wabunge walikuja na manung'uniko ya miaka kumi na moja, na hasira yao ikamwangukia Strafford, mshauri mkuu wa mfalme, ambaye walimshtaki kwa uhaini.

Hapa ndipo Vane alipoacha alama ambayo haikufutika. Alikuwa ameyaona, katika makaratasi ya babake, maelezo ya kikao cha siri cha baraza la mfalme. Kwa mujibu wa maelezo hayo, Strafford alimshauri mfalme alitumie jeshi la Ireland kuitiisha nchi. Nchi iliyokusudiwa haikuwa dhahiri: yawezekana ilikuwa Uskoti, yawezekana ilikuwa Uingereza yenyewe. Vane alimwonyesha maelezo hayo John Pym, kiongozi wa wapinzani wa mfalme. Sheria ilitaka mashahidi wawili katika kesi ya uhaini, ilhali aliyekuwapo ni mmoja tu, yaani Vane mzee. Pym akataka karatasi ihesabiwe kuwa shahidi wa pili. Kesi ilipoyumba, Bunge lilipitisha mswada maalumu wa kumtia Strafford hatiani bila hukumu ya kawaida. Alikatwa kichwa katika kilima cha Tower Hill, London, tarehe 12 Mei 1641.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mwaka wa 1642. Mwaka uliofuata Vane alikwenda Uskoti akafanikisha mapatano yaliyowaleta Waskoti upande wa Bunge, na jeshi lao likasaidia kupata ushindi wa Marston Moor mwaka wa 1644. Baada ya Pym kufariki mwezi wa Desemba 1643, Vane akawa mmoja wa nguzo za Bunge.

Mwezi wa Desemba 1648 wanajeshi waliwatimua wabunge waliotaka kupatana na mfalme. Vane alikuwa adui wa mfalme, lakini hakukubali Bunge liamrishwe kwa upanga, naye akajitenga. Hakushiriki katika kesi ya Charles wala katika kuuawa kwake tarehe 30 Januari 1649. Baadaye aliitumikia jamhuri, hasa katika kuliimarisha jeshi la wanamaji lililopigana na Waholanzi kuanzia mwaka wa 1652. Tarehe 20 Aprili 1653, Cromwell aliingia Bungeni na askari akalivunja. Vane alipolalamika, rafiki yake huyo wa zamani alimkemea hadharani. Mwaka wa 1656 alichapisha andiko la kutetea mamlaka ya wananchi, akafungwa katika ngome ya Carisbrooke.

Ufalme uliporejeshwa mwaka wa 1660, Vane alikamatwa. Kwa kuwa hakuwa miongoni mwa waliomhukumu mfalme, Bunge liliomba asinyongwe hata akipatikana na hatia, na Charles wa Pili akakubali. Ahadi hiyo haikudumu. Mwezi wa Juni 1662 alishtakiwa kwa uhaini. Alijitetea kwamba alilitii Bunge, ambalo ndilo lililokuwa na mamlaka wakati huo. Majaji walijibu kwamba Charles wa Pili alikuwa mfalme kamili tangu siku babake alipouawa, japo alikuwa uhamishoni. John Lambert, jenerali aliyeshtakiwa wakati mmoja naye, alinyenyekea akaponea kwa kifungo cha maisha. Vane hakuomba msamaha. Tarehe 14 Juni 1662 alipelekwa Tower Hill, pale pale alipofia Strafford. Kila alipojaribu kuwahutubia watu, tarumbeta na ngoma zilipigwa ili sauti yake isisikike.

Wahenga walinena kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Haifai, hata hivyo, kumtazama Vane kwa jicho la kumcheka. Alikuwa jasiri na mwaminifu kwa dhamiri yake. Waliomshambulia Strafford waliamini kwamba hatari iliyowakabili iliruhusu sheria ilegezwe kwa ajili ya mtu mmoja. Miaka ishirini na mmoja baadaye, mfalme na majaji wake waliamini vivyo hivyo kuhusu Vane. Haki anayonyimwa adui yetu leo ndiyo tutakayoihitaji kesho, mamlaka yatakapokuwa mikononi mwa wengine.