Fadhili William na wimbo uliovuka mipaka bila hati

Bandari kavu ya Masaka, pembezoni mwa Kigali, ilifunguliwa mwaka 2019 kupokea makontena ya Dar es Salaam yanayoingia kwa Rusumo na yale ya Mombasa yanayozunguka kwa Malaba na Kampala. Lori la Mombasa, kabla halijatembea hata kilomita 200, hupita Voi, na dereva akigeuza macho kushoto huviona vilima vya Taita. Huko ndiko kwao Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa mwaka 1938. Hilo jina la mwisho ni kabila lake tu: Mdawida ndivyo Mtaita anavyojiita kwa lugha yake.

Kwa lugha hiyo hakupata umaarufu. Alipata umaarufu kwa Kiswahili, jijini Nairobi, ambako vijana wa kila upande walikutana wakitafuta kazi na gitaa. Karibu mwaka 1960, akiwa na bendi yake ya Jambo Boys, alirekodi wimbo wa mapenzi uitwao Malaika. Mwaka 1963 akaurekodi tena katika studio ya Equator ya Charles Worrod, na rekodi hiyo ndiyo iliyosambaa.

Anayeimba ni kijana anayempenda msichana na hana mahari. Ni hayo tu. Hakuna ujanja, hakuna vijembe, hakuna fumbo la taarab. Kijana wa Masaka anayehesabu bei ya ng'ombe wa kukwea haelezwi mara mbili, wala wa Bujumbura, wala wa Bukoba. Bidhaa ya namna hiyo haihitaji wakala.

Equator ilikuwa soko la mipakani kwa namna yake. Katika bendi ya studio walikuwamo Daudi Kabaka na Gabriel Omolo wa Kenya, na pamoja nao Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia, waliokuja na mapigo ya gitaa ya kusini. Fadhili William ndiye aliyekuwa kiongozi. Katika mchanganyiko huo ulizaliwa muziki wa twisti ya Nairobi, ambao leo wazee wanaukumbuka kuliko vijana.

Kisha ukafika mwaka 1965. Miriam Makeba wa Afrika Kusini, akiwa uhamishoni Marekani, aliuimba Malaika katika santuri aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte. Mwaka uliofuata santuri hiyo ilishinda tuzo ya Grammy upande wa muziki wa asili. Kuanzia hapo dunia ikaujua wimbo huo kwa sauti ya Makeba. Mpaka leo wako watu wazima, wasomi tena, wanaoapa kwamba ni wimbo wa Afrika Kusini.

Je, alimzidi mwenye wimbo? Kwa ukubwa wa sauti na kwa namna anavyolivuta neno mpaka likatoa machozi, ndiyo, alimzidi. Lakini msikilizaji wa Kiswahili hukwama mahali pamoja. Kitenzi cha wimbo ni kuoa, na kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba hakukibadilisha. Aliimba kama alivyousikia, mwanamke akilalamika kwamba amekosa mahari ya kuoa. Kosa hilo, ukipenda kuliita kosa, limeongeza kitu ambacho rekodi ya 1963 haina. Kijana wa Fadhili William anajililia mwenyewe. Kwa Makeba anasikika kama aliyeondoka na kuacha ujumbe kwa mtu mwingine aufikishe. Miongoni mwa waliofuata na wakasikika mbali walikuwamo wanawake wengine, na kitenzi kikabaki palepale: Boney M mwaka 1981, kwa mdundo wa disko uliochukua utamu na kuacha uchungu, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991, aliyeurudisha kwenye huzuni yake.

Ukiziweka rekodi hizo zote pamoja, ya Fadhili William ndiyo nyembamba kuliko zote. Gitaa halijitutumui, sauti haipandi sana. Lakini ndiyo pekee inayosadikika kwamba mwimbaji kweli hana pesa mfukoni.

Mzigo wa maneno ulianza baada ya umaarufu. Rekodi zilimtaja Fadhili William kuwa mtunzi, naye alishikilia hivyo maisha yake yote. Wakajitokeza wengine. Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916, alidai kwamba aliutunga Nairobi mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda na ambaye wazazi wake walimwoza kwa mwenye mali. Lucas Tututu wa Mombasa naye hutajwa. Mwaka 1945 Fadhili William alikuwa mtoto wa miaka saba. Kama Salim alisema kweli, basi rekodi tunayoiita ya asili nayo ilikuwa marudio, na Makeba alirudia kilichokwisha kurudiwa.

Hapo mfanyabiashara wa mipakani anaelewa haraka kuliko wakili. Mzigo ni wa yule ambaye jina lake limo kwenye hati. Alyeulima anaweza kuwa na shahidi kijiji kizima, lakini forodhani huulizwa karatasi. Nyimbo za miaka ya 1940 ziliimbwa harusini na vilabuni, zikapokewa kwa sikio, na hakuna aliyeziandikisha. Wa kwanza kufika studio alitoka na jina. Kwa haki, Fadhili William alifanya zaidi ya kufika: wimbo uliokuwa unaelea ulipata kwake umbo, mwendo na sauti, na wote waliokuja baadaye walifuata umbo hilo.

Na hiyo hati yenyewe haikumtajirisha. Studio za Nairobi za wakati huo mara nyingi zilimlipa mwanamuziki mara moja, siku ya kurekodi, na haki za biashara zikabaki kwa mwenye studio. Mrabaha ukitoka ng'ambo ulipita mikono mingi kabla haujafika kwa mwimbaji. Hata Daudi Kabaka yalimpata mambo ya jamii hiyo: mwaka 1968 bendi ya Kiingereza ya The Tremeloes iliuchukua wimbo wake Helule Helule na kuuingiza katika chati za Uingereza, huku yeye akiendelea kupiga muziki Kenya kama kawaida. Mtu aliyesikika London na New York alikuwa bado anahesabu nauli.

Miaka ya 1980 Fadhili William alihamia Marekani, nchi iliyompa Makeba tuzo, akaishi huko miaka mingi. Huko wengi walioujua wimbo hawakujua kwamba mwenyewe anakaa mtaani mwao. Muongo wa 1990 alirudi Kenya, akakuta bado anaulizwa swali lilelile: ni nani hasa aliyeutunga Malaika? Jibu lake halikubadilika.

Alifariki Februari 2001, akiwa na miaka 62. Novemba mwaka huohuo Kabaka naye akafuata.