Dian Fossey: Mlinzi wa gorila aliyewashuku watalii

DIAN Fossey hakuwataka watalii. Aliamini kwamba wageni hao wangewavuruga gorila wa milimani na kuwaambukiza mafua, na hofu hiyo hakuiacha hadi kufa kwake.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, Januari 16, 1932. Alisomea taaluma ya kuwasaidia walemavu kujihudumia, kisha akaajiriwa katika hospitali ya watoto mjini Louisville. Mnamo 1963 alikopa pesa akazuru Afrika, na huko Olduvai akakutana na Dkt Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete. Leakey ndiye aliyemwezesha kurejea kuwachunguza gorila nchini Congo. Vita vilipomfurusha huko mwaka wa 1967, alivuka mpaka hadi Rwanda na kuanzisha kituo cha Karisoke, baina ya milima ya Karisimbi na Visoke.

Alitambaa matopeni, akatafuna majani, akaiga miguno yao, mpaka wanyama hao wakamzoea. Aliyempenda zaidi ni Digit, dume ambalo picha yake ilipamba bango la serikali la kuwaalika watalii Rwanda. Desemba 31, 1977, majangili walimuua Digit na kumkata kichwa na mikono. Tangu hapo Fossey akawa mkali kupindukia, kwa majangili na hata kwa wageni.

Mnamo 1979, wahifadhi wenzake walianzisha utalii wenye masharti. Aliupinga. Desemba 1985 aliuawa kwa panga katika kibanda chake, akazikwa kando ya Digit.

Je, alikosea? Si kabisa. Tafiti zilizofanywa Uganda zimeonyesha kuwa watalii wengi husogea karibu mno, kanuni wakizijua fika. Huruma pekee haimzuii mtu mwenye kamera. Kinachomzuia ni mwelekezi aliye ubavuni pake, saa moja aliyotengewa, kundi lisilozidi watu wanane, na kibali ambacho Rwanda imekitoza dola 1,500 tangu 2017. Mwenye mafua huachwa nyuma. Sehemu ya mapato huwafikia wanavijiji, nao hupata sababu ya kuwataka gorila wawe hai.

Virunga ilikuwa na gorila wapatao 250 mwanzoni mwa miaka ya themanini. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604. Kila asubuhi waelekezi huwakaribia wakiguna taratibu, kwa namna ileile aliyoizoea Fossey, huku watalii wanane wakisubiri nyuma yao.