Mtakatifu Francesca Cabrini, Mama wa Wahamiaji

Mazungumzo juu ya wahamiaji mara nyingi huishia kwenye mipaka, vibali na idadi. Maisha ya Mtakatifu Francesca Saverio Cabrini yanatufundisha kuanza na jambo jingine: aliyefika amepungukiwa na nini?

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1850 huko Sant'Angelo Lodigiano, kaskazini mwa Italia. Afya yake ilikuwa dhaifu, na tangu alipotumbukia majini utotoni aliogopa maji. Mwaka 1880 alianzisha Shirika la Wamisionari wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, akitamani kwenda China. Papa Leo XIII akamwelekeza magharibi, kwa Waitalia maskini waliokuwa wakimiminika Marekani.

Alivuka bahari aliyoiogopa, akafika New York tarehe 31 Machi 1889 pamoja na masista sita. Makao waliyoyatarajia hayakuwa tayari, na Askofu Mkuu Michael Corrigan akawashauri warudi. Mama Cabrini alijibu kwa heshima kwamba wametumwa na Papa, hivyo watabaki. Ndivyo wanawake wageni walivyoanza kuwahudumia wageni wenzao.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ilimkataa mhamiaji aliyedhaniwa kuwa hataweza kujitunza bila kuwa mzigo kwa umma. Katika kituo cha Ellis Island, kilichofunguliwa mwaka 1892, mwanamke aliyefika peke yake alizuiliwa mpaka apatikane wa kumpokea. Nia ya kumlinda ilikuwapo, lakini ulinzi huo uliishia langoni. Mjane angemwacha wapi mtoto aendapo kazini? Mgonjwa angemweleza nani maumivu yake kwa lugha aijuayo?

Mama Cabrini alijibu maswali hayo kwa matendo. Alifungua nyumba za yatima na shule, na mwaka 1892 hospitali iliyoitwa Columbus, ambamo Waitalia walihudumiwa kwa lugha yao. Mwaka 1909 yeye mwenyewe akawa raia wa Marekani. Alipofariki Chicago tarehe 22 Desemba 1917, alikuwa ameanzisha taasisi 67. Papa Pius XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1946, na mwaka 1950 akamfanya msimamizi wa wahamiaji.

Nasi tunao mabinti wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na wengine wanaotoka vijijini kuja mijini kwa kazi hiyo hiyo. Haitoshi kuwaonya wasiende, wala kuwagongea muhuri na kuwasahau. Sera iliyo njema humhakikishia mwanamke mkataba anaouelewa, hati yake ya kusafiria mkononi mwake, mahali pa kukimbilia anapodhulumiwa, na njia ya kurudi kwa watoto wake. Tuyadai hayo kwa viongozi wetu. Na sisi wenyewe tumtazame dada wa kazi aliye nyumbani mwetu: je, analipwa haki yake, na anapata nafasi ya kufika Misa ya Dominika?

Mtakatifu Francesca Saverio Cabrini, utuombee.