Byang Kato: Msomi aliyekataa Injili ichanganywe na matambiko

KILA Desemba, msimu wa kupasha wavulana tohara ufikapo, familia nyingi za Kikristo mjini Nakuru na viungani mwake huurudia mjadala ule ule. Kijana aende kwa wazee wa mila, au akae katika kambi iliyoandaliwa na kanisa? Ni lipi katika desturi za wahenga ambalo Mkristo aweza kulishika, na lipi hana budi kuliacha?

Swali hilo lilimshughulisha kwa maisha yake yote msomi ambaye hakuzaliwa Kenya, lakini aliyefanya kazi yake kubwa humu nchini na kufia humu humu. Dkt Byang Henry Kato, raia wa Nigeria, alizama baharini karibu na Mombasa mnamo Desemba 19, 1975, akiwa likizoni na familia yake. Alikuwa na umri wa miaka 39 tu.

Kato alizaliwa Juni 23, 1936, Kwoi, kaskazini mwa Nigeria, miongoni mwa Wajaba. Babake, aliyeshika dini ya jadi, alimweka wakfu angali mchanga ili siku moja awe kuhani wa mizimu. Mvulana huyo alipitia jando la kabila lake na kuyajua matambiko yake kwa macho yake mwenyewe, si kwa kusimuliwa. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu waliomshutumu baadaye kwamba aliidharau Afrika walisahau alikotoka.

Alipelekwa katika shule ya wamishonari, na huko, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, aliguswa na hadithi ya Nuhu na safina aliyosimuliwa na mwalimu wake, akaamua kumfuata Kristo. Uamuzi huo ulimuudhi babake. Kijana alilazimika kufanya kazi za shamba ili ajilipie karo.

Mwaka wa 1955 aliingia Chuo cha Biblia cha Igbaja, na miaka miwili baadaye akamwoa Jummai, waliyejaliwa naye watoto watatu. Baada ya kupata shahada London mnamo 1966, alirejea nyumbani na kuwa katibu mkuu wa kanisa la ECWA katika miaka ile migumu ya vita vya Biafra. Kisha akaelekea Dallas, Marekani, kusomea uzamifu katika seminari iliyosifika kwa msimamo mkali kuhusu mamlaka ya Biblia.

Ni Kenya iliyompa jukwaa. Chama cha Wainjilisti wa Afrika na Madagaska kilikuwa kimeanzishwa Limuru mwaka wa 1966, na katika mkutano wa 1973, uliofanyika Limuru vilevile, Kato alichaguliwa katibu mkuu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Alihamia Nairobi na kuanza kuzunguka bara zima.

Haukuwa wakati wa mzaha. Nchini Zaire, Rais Mobutu alikuwa amepiga marufuku majina ya Kikristo kwa jina la uhalisi wa Kiafrika. Nchini Chad, Rais Tombalbaye alilazimisha watu kupitia jando la jadi liitwalo yondo, na Wakristo waliokataa wakateswa, baadhi wakauawa. Wakenya nao hawakuhitaji kufunzwa maana ya hayo. Katika siku za Mau Mau, Wakristo wa Uamsho waliokataa kula kiapo waliona cha mtema kuni, na viapo vya mwaka wa 1969 vilizua dhiki kama hiyo tena. Kwa watu hao, mpaka kati ya imani na mila haukuwa somo la darasani.

Mnamo 1975 Kato alichapisha kitabu chake, Theological Pitfalls in Africa, kilichotolewa na shirika la Evangel la Kisumu. Humo alionya kwamba baadhi ya wanateolojia wa Afrika, kwa hamu ya kurejesha heshima ya mila zilizodhalilishwa na wakoloni, walikuwa wakielekea kufundisha kuwa kila dini huokoa. Aliyemlenga zaidi ni Mkenya, Prof John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliyetumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kueleza jinsi Mwafrika anavyouelewa wakati. Mbiti aliziona dini za jadi kuwa zilizoiandalia Injili njia. Kato alishikilia kuwa dini hizo zaonyesha kiu ya mwanadamu kwa Mungu, lakini hazina maji ya kuikata.

Kuna kinaya hapa. Mbiti, aliyezitetea dini za jadi, alilelewa na wazazi Wakristo. Kato, aliyezikana, alikuwa amewekewa nadhiri kwazo.

Kitabu hicho kina kasoro. Kiliandikwa na mtu mwenye haraka, na mahali pengine kinamsomea Mbiti maana ambayo huenda hakuikusudia. Mwanateolojia wa Ghana, Kwame Bediako, alimkosoa Kato baadaye kwa kutoona thamani yoyote ya kiroho katika urithi wa Mwafrika. Hata hivyo, wanaomwita kibaraka wa wazungu wanamwonea. Kato alifundisha kwamba lugha, nyimbo, mavazi na namna ya kuabudu vyaweza kuwa vya Kiafrika kabisa, mradi kiini cha ujumbe kisiguswe. Kwa kipimo hicho, ngoma kanisani haina hatia, ila tambiko kwa mizimu ni haramu.

Alitofautiana pia na Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian, aliyependekeza mnamo 1971 kwamba wamishonari na fedha za kigeni zisitishwe kwa muda. Kato aliona kuwa kanisa ni moja ulimwenguni kote. Hapo wengi, hata miongoni mwa marafiki zake, waliona hoja ya Gatu ikiwa na uzito, kwani kanisa linalolishwa na wengine ni vigumu kujisemea.

Dawa aliyoipendekeza ilikuwa elimu. Alitaka vyuo viwili vya ngazi ya juu, kimoja kwa wanaotumia Kifaransa, kingine kwa wanaotumia Kiingereza, ili Mwafrika asilazimike kwenda ng'ambo kuisoma Biblia kwa kina. Hakuviona. Cha Bangui kilifunguliwa 1977, na cha Nairobi mwaka wa 1983, ambacho tangu 2011 ni Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, mtaani Karen. Mbiti aliishi hadi 2019, miaka 44 baada ya mpinzani wake kuzama.