ALIYEGOMA KUKIMBIA JUMAPILI: MAISHA YA ERIC LIDDELL



Leo naomba tuache kidogo siasa na matokeo ya ligi. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu tulipofungwa fainali ya ligi ya mbuzi hapa mtaani. Kipa wetu ni kijana wa swala tano, hakosi, na kabla ya mechi ile alifunga siku mbili nzima. Tukapigwa tatu bila! Tangu siku hiyo jamaa hataki hata kusikia habari za mpira. Anasema kama dua yake haikupokelewa, basi hana sababu ya kurudi golini.

Nilimsikitikia, lakini nikaona kwamba hata sisi wengine tunafikiri hivyohivyo. Tukiona kwenye tivii mchezaji anapiga ishara ya msalaba au anasujudu, tunachukulia kwamba imani ni biashara... unatoa sala, unapewa goli. Ndipo nikamkumbuka mkimbiaji mmoja wa zamani ambaye maisha yake yanatoa jibu jingine kabisa. Naye ni Eric Liddell.

Liddell alizaliwa tarehe 16 Januari 1902 katika mji wa Tientsin, ambao siku hizi unaandikwa Tianjin, kule China. Wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Scotland. Alipofika umri wa miaka sita hivi, yeye na kaka yake wakaachwa Uingereza kwenye shule ya bweni, wazazi wakarudi China kazini. Kwa hiyo jamaa alijifunza mapema kuishi mbali na watu anaowapenda.

Mwaka 1920 akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma sayansi. Hapo ndipo miguu ilipoanza kusema. Aliichezea timu ya taifa ya Scotland ya raga mechi saba, mwaka 1922 na 1923, kisha akaamua kuiacha raga abaki na riadha. Ukimwona anakimbia unaweza kucheka. Kichwa kimelala nyuma, mdomo wazi, mikono inarushwa huku na huku kama mtu anayefukuza nyuki. Lakini kumshika sasa... noma!

Julai 1923, kwenye mashindano ya Stoke-on-Trent, alisukumwa akaanguka mwanzoni kabisa mwa mbio za yadi 440. Wenzake wakamwacha kama yadi 20. Akainuka, akawafukuza, akawapita wote, akashinda, halafu akaanguka chini hoi. Angebaki amelala pale hakuna mtu ambaye angemlaumu.

Sasa tuje kwenye mwaka 1924, Olimpiki ya Paris. Uingereza walikuwa wanamtegemea kwa dhahabu ya mita 100. Ratiba ilipotoka, mchujo wa mita 100 ukaonekana umepangwa Jumapili, tarehe 6 Julai. Liddell aliamini Jumapili ni siku ya Mungu, si siku ya mashindano. Akajitoa. Na si mita 100 peke yake, akaziacha pia mbio za kupokezana vijiti, zote mbili, kwa sababu hiyohiyo.

Wengi wetu habari hii tumeijua kupitia filamu ya mwaka 1981 inayoitwa Chariots of Fire, ile iliyobeba tuzo nne za Oscar. Filamu ni kali, sikatai, ila hapo imetia chumvi. Inaonyesha Liddell anaijua ratiba wakati anapanda meli kwenda Ufaransa. Ukweli ni kwamba aliijua miezi kadhaa kabla. Na mimi naona ukweli una uzito kuliko filamu. Kukataa jambo kwa dakika moja ya hasira ni rahisi, wengi tunaweza. Yeye aliishi na uamuzi ule miezi kadhaa, magazeti yakimsema na watu wakimwona msaliti wa taifa, na huku kila siku anakwenda mazoezini kujiandaa kwa mita 200 na mita 400. Mita 400 haikuwa mbio aliyotegemewa kushinda.

Ile Jumapili ya mchujo, Liddell alikuwa kanisani, kwenye kanisa la Waskoti pale Paris. Kesho yake Mwingereza mwenzake, Harold Abrahams, akachukua dhahabu ya mita 100. Tarehe 9 Julai Liddell akapata shaba kwenye mita 200. Ikabaki moja tu.

Ijumaa tarehe 11 Julai ilikuwa nusu fainali na fainali ya mita 400, zote siku moja. Kwenye nusu fainali Mmarekani Horatio Fitch akakimbia sekunde 47.8, rekodi mpya ya Olimpiki. Liddell naye kwenye fainali akapangwa njia ya nje kabisa, ambako humwoni mpinzani yeyote kwa sababu wote wako nyuma yako. Asubuhi ile mmoja wa wakandaji misuli wa timu alikuwa amempa kikaratasi chenye maneno ya kumtia moyo, yaliyotoka kwenye kitabu cha kwanza cha Samweli.

Bastola ikalia. Jamaa akachomoka kama anakimbia mita 100! Nusu ya kwanza aliimaliza kwa sekunde 22 na kitu, watu wakaona huyu lazima atakata pumzi. Hakukata. Akamaliza kwa sekunde 47.6, Fitch wa pili kwa 48.4. Rekodi ile ya Olimpiki ilikaa hadi mwaka 1932.

Wengi huishia hapo halafu wanasema, mnaona, alimheshimu Mungu akalipwa dhahabu. Mimi nasema ngojeni kwanza. Liddell alipojitoa mita 100 hakuwa na hati yoyote ya kuahidiwa dhahabu nyingine. Alikubali kurudi nyumbani mikono mitupu. Nadhani nguvu yake ilikuwa hapo. Mtu ambaye yuko tayari kukosa huwezi kumtisha kwa kukosa, na ndiyo maana aliweza kukimbia kule njia ya nje bila kujibakiza.

Na maisha yake ya baadaye yanaonyesha hivyo. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 23 na jina kubwa Uingereza nzima, akaondoka kwenda China kufundisha sayansi na michezo kwenye shule moja ya Tientsin. Mwaka 1934 akamwoa Florence Mackenzie, Mkanada, naye mtoto wa wamisionari. Vita vya Japani na China vilipopamba moto, Liddell alikuwa akifanya kazi vijijini huko Siaochang. Mwaka 1941 hali ikawa mbaya, akamsafirisha mkewe mjamzito na mabinti wawili kwenda Kanada. Yeye akabaki. Binti wa tatu alizaliwa huko, na baba yake hakuwahi kumwona.

Machi 1943 Wajapani wakamweka kwenye kambi ya wafungwa raia ya Weihsien, mkoa wa Shandong. Watu zaidi ya 1,500 wamebanana kwenye eneo dogo, chakula cha shida, majira ya baridi yanakata. Humo walikuwemo watoto wengi wa shule waliotenganishwa na wazazi wao. Liddell akawa mwalimu wao wa sayansi, refa wao, mbeba maji wa wazee. Watoto wakamwita Anko Eric.

Sasa sikilizeni hii. Vijana wa kambi walitaka kucheza Jumapili, Liddell hakukubali kuwaandalia michezo siku hiyo. Wakajichezea wenyewe mpira wa magongo bila refa, mechi ikaishia kwenye ngumi. Jumapili iliyofuata Liddell akaingia uwanjani mwenyewe na kuwachezesha! Yuleyule aliyeiacha mita 100 ya Olimpiki, akaivunja desturi yake kwa ajili ya watoto waliochoka na kifungo. Kwa ajili ya medali yake hakuivunja, ila kwa ajili ya amani ya wenzake aliivunja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msimamo si ukaidi.

Mwishoni akaanza kuumwa kichwa na kupoteza furaha. Pale kambini ilidhaniwa ni uchovu wa akili kutokana na kazi nyingi. Alifariki tarehe 21 Februari 1945, ana miaka 43, na walipompasua wakakuta uvimbe kwenye ubongo. Wiki chache kabla alikuwa amempa kijana mmoja wa kambini, Stephen Metcalf, viatu vyake vya kukimbilia vilivyochakaa, maana kijana hakuwa na viatu na baridi ilikuwa kali. Liddell alikuwa amewafundisha vijana wale kuwaombea hata walinzi wao. Metcalf akaja kuwa mmisionari hukohuko Japani. Kambi ilikombolewa Agosti 1945, miezi sita tu baada ya kifo cha Anko Eric.

Mnaona basi? Huyu mtu alisali maisha yake yote, na bado alifungwa, akaumwa, akafa mbali na wanawe. Kama imani ni biashara, basi yeye alipata hasara. Lakini watoto wa Weihsien walizeeka wakimsimulia yeye, na medali waliitaja kwa kupita tu.

Kipa wetu nimeshamsimulia habari hii yote. Hakunijibu kitu. Ila jana jioni nimemwona amekaa pembeni ya uwanja, glovu ziko mapajani. Hajazivaa bado...

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe unaposali kabla ya mechi au mtihani, unaomba nini hasa? Tiririkeni hapo chini.